Wiki Moja ya Pumzi

1

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyumba elfu kumi na moja za tarafa ya Mwanzila zilitoa hesabu ya watu wake. Hazikupiga kelele. Katika kila nyumba, juu ya boriti, kilikuwa kimeganda kidude cha udongo chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, na watu walikiita mjusi kwa sababu kilifanana naye, na kwa sababu jina lililotoka kiwandani lilikuwa refu mno kwa mtu mwenye haraka. Mjusi alisikiliza pumzi usiku kucha. Alimjua kila mtu wa nyumba ile kwa namna alivyovuta na kushusha pumzi, kama mama anavyomjua mwanawe kwa vishindo vyake nje ya mlango. Kukipambazuka alituma neno kituoni: wamelala wanne, wote wazima. Wamelala watano, mdogo kifua kinabana. Wamelala watatu, mmoja ni mgeni.

Zilpa Mkumbo alikuwa na desturi ya kuzipokea hesabu hizo akiwa amesimama. Alikuwa mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Afya ya Jamii Mwanzila mwaka wa sita sasa, ila miguu yake ilikuwa bado ya mhoji. Aliingia kituoni akiwa na miaka ishirini na mbili, baiskeli ya kituo na kalamu mbili, akizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Chuo kikuu hakukiona. Alichokijua alikisoma mwenyewe katika vitabu walivyoviacha wageni, kila kimoja mara mbili, mara ya pili akiwa na kamusi pembeni.

Asubuhi ile ya Jumanne hesabu zilikuwa nzuri. Pacha wa Msagali walikuwa wameongezeka uzito. Homa ya bondeni ilikuwa imeshuka. Zilpa alikuwa anamimina chai yake ya tangawizi, moyo umetulia, pale Shango alipoingia na kibao chake cha kioo kifuani. Shango alikuwa mchambuzi wa takwimu, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Dodoma, mwerevu, mwenye haraka ya kuonekana mwerevu.

"Shikamoo, mama. Nimempata mtu asiyekohoa."

"Marahaba. Wapo wengi wasiokohoa, Shango. Tunawaita wazima."

Shango hakucheka. Aliweka kibao mezani. "Nyumba 2206, kijiji cha Nkungilo. Eliwaza Gunda, miaka sitini na minane. Unakumbuka vumbi la Agosti, mama? Nkungilo nzima ilikohoa. Wageni walikohoa. Huyu mama hakukohoa. Nikarudi nyuma, Agosti ya mwaka jana pia hakukohoa. Nikasema ngoja nizilaze wiki zake moja juu ya nyingine."

Alizilaza. Mistari zaidi ya mia moja ilishuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulipofika ulimezwa na ule uliotangulia, hata ukabaki mstari mmoja tu, mweusi na safi.

"Kila Jumanne, saa tisa kasoro robo usiku, anageuka na kuguna," Shango alisema. "Jumanne mia moja na tatu. Mama, huyu mtu anaishi wiki moja."

Zilpa aliketi. Chai aliisahau.

"Haishi," alisema taratibu. "Hayo ni Matanga."

Shango alilijua neno hilo kama lilivyoandikwa kwenye mwongozo wa kazi. Zilpa alilijua kwa sababu yeye ndiye aliyelizaa.

Mwaka wa kwanza wa mijusi ulikuwa mbaya. Mjusi alipoikosa pumzi aliyoizoea aliandika kifo alfajiri ileile, na kwa kuwa daftari la kituo lilikuwa limeunganishwa na ofisi zote, habari ilisafiri yenyewe. Zahanati ilifuta kadi, kata ikafuta jina, laini ya simu ikazimwa. Watu walikuwa bado wanasonga ugali wa waombolezaji, maiti ingali ndani, mara simu ya mjane inalia: *Kaya yako sasa ina watu wawili.* Kufikia Krismasi mijusi mia saba walikuwa wametupwa chooni.

Kuichelewesha mashine tu hakukuwezekana. Wananchi walikuwa wamewakubali mijusi kwa sharti moja, kwamba sikio la mjusi litiwe muhuri: asiwepo mtu, wa kituoni au wa serikalini, mwenye uwezo wa kuliandikia sikio jambo ambalo halikulisikia. Lilipokea sauti za hewani, basi. Zilpa, wakati huo msimamizi wa wahoji, alilala na jambo hilo wiki tatu. Kisha akasema, kama sikio linataka hewa, tulipatie hewa. Kila mjusi alikuwa na kumbukumbu ya wiki ya mwisho ambayo mtu alipumua vyema. Mtu akifariki, mhoji angemgusa mjusi, naye angeipiga wiki hiyo kwa sauti ndogo mle ndani, usiku baada ya usiku. Sikio lingesikia, lingehesabu, na ofisi zote zingekaa kimya mpaka watu wamalize kulia. Siku ya arobaini na moja mhoji angerudi, angeketi na wenyeji, angewauliza maswali ya kifo, na mkuu wa nyumba angeweka kidole gumba kwenye tumbo la mjusi na kuanua. Nyumba ipi iko katika Matanga iliandikwa katika kijitabu cha mhoji tu, kwa kalamu, kwa sababu chochote kilichoingia kwenye daftari kuu kilivuja.

Mijusi walirudi kwenye boriti zao mwaka uliofuata. Watu wa nchi nyingine walikuja kujifunza.

"Siku arobaini," Shango alisema. "Huyu ana miaka miwili. Na si yeye peke yake. Nimewapata thelathini na mmoja."

"Wengi wako wapi?"

"Wametawanyika. Ila Nkungilo wako tisa."

"Wote wazee?"

Shango alitazama kibao. "Wote. Na wote wiki yao ya mwisho ni kati ya Agosti na Oktoba."

Zilpa alichukua penseli akapiga hesabu pembeni mwa gazeti, kwa sababu hakuwahi kuamini hesabu ambayo mkono wake haukuigusa. Kijiji cha watu mia nne. Wazee tisa katika misimu miwili. Ilikuwa mara tatu ya vijiji vya jirani. Kulikuwa na kitu Nkungilo, na kituo kilichowekwa pale ili kukiona kilikuwa kimekaa miaka miwili kikisikiliza wafu wakipumua vizuri.

"Daftari la mwaka linafungwa Ijumaa," Shango alisema. "Likifungwa bila hawa, Nkungilo inahesabiwa salama mpaka mwakani, na hatupewi wauguzi. Lakini ufunguo wa Matanga unao wewe, mama. Unaweza kuyaanua yote kwa mkupuo. Ni kubonyeza tu."

"Na usiku wa leo nyumba thelathini na moja zinanyamaza bila kuambiwa."

"Ndiyo. Lakini walio hai wanapona."

Hakuna alichokosea kijana.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

2

Kiula alikuwa bandani, anabadilisha betri za pikipiki. Alikuwa mhoji wa Nkungilo na vijiji vyote vya mgongoni mwa kilima, mwanamume wa miaka sitini mwenye tumbo la heshima na maneno mengi, na alikuwa ameanza kazi wiki moja na Zilpa.

"Dada Zilpa anakuja na mikono nyuma," alisema bila kuinua kichwa. "Ama nimestaafishwa, ama umekuja kuniomba kuku."

"Eliwaza Gunda."

Kiula aliweka bisibisi chini.

"Nilikwenda siku ya arobaini na moja," alisema. "Usidhani sikwenda. Mumewe, mzee Msengi, akanipa uji, akaniambia, Kiula, leo sijisikii. Nikasema basi, nitarudi. Niliporudi akaniambia, ingia chumbani usikilize. Nikasikiliza. Amemtoa mjusi kwenye boriti, dada. Amemlaza kwenye mto wa mkewe, amemfunika kanga mpaka hapa." Alijigusa bega. "Mimi nina mdomo, wewe unanijua. Siku ile nilikosa neno. Nilikunywa uji wa watu nikaondoka."

"Na wale wengine wanane?"

"Ukishamwachia mmoja, mwingine utamwambia nini? Nkungilo wanaongea."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Sheria uliiandika wewe. Inasema mkuu wa nyumba ataanua. Haisemi akikataa nimshike kidole."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekumbusha siku ya soko. Zilpa alisimama akizitazama pikipiki. Alikuwa amekuja na karipio lililoandaliwa vizuri, na sasa hakumwona mtu wa kumpa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameandika siku Matanga yanapoanza. Mwisho wake aliuachia adabu za watu, akidhani adabu zina saa.

"Ile wiki niliiweka kwa ajili ya sikio la mashine," alisema. "Sikufikiri kwamba ndani ya nyumba kuna masikio mengine."

"Wala mimi," Kiula alisema. "Tulikuwa vijana. Tulikuwa hatujafiwa na mtu."

Zilpa alirudi ofisini akafungua ukurasa wa nyumba 2206, si wa Eliwaza, wa mumewe. Msengi Kitundu, miaka sabini na mitatu. Mzima. Mzima. Mzima. Pembeni ya kila "mzima" kulikuwa na nukta ndogo ya kijivu. Zilpa aliutafuta mwongozo, akaipata maana ya nukta kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili: *pumzi ya mtu huyu haikusikika, imekadiriwa.*

Alizihesabu nukta hadi macho yakauma. Ilikuwa wazi kama mchana. Mjusi aliyelala juu ya mto wa kitanda, na sauti ya Eliwaza ikitoka tumboni mwake, hakusikia kingine chochote mle chumbani. Mzee Msengi alikuwa akikadiriwa tu kwa miaka miwili.

3

Walifika Nkungilo Jumatano saa nne asubuhi, Zilpa nyuma ya pikipiki ya Kiula, skafu usoni. Mgongo ule ni wa mawe makubwa na alizeti, na tangu mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yalipoanza kutafutwa kuliko mafuta yenyewe, kila nyumba iliyalaza ndani, karibu na macho ya mwenyewe. Mzee Msengi alikuwa fundi wa mashine za kukamua alizeti. Kila aliyetengenezewa mashine alimletea gunia la mashudu kama shukrani, na sebuleni kwake magunia yalifika darini. Kulikuwa na harufu ya mafuta yaliyolala, na kitu kingine chini yake, chachu, kama mtungi ambao haukuoshwa.

"Karibuni, karibuni," mzee alisema akijifuta grisi. "Kiula, leo umekuja na mkubwa wako. Umeiba nini?"

"Nimeiba siku, mzee. Mia saba hivi."

"Shikamoo, baba," Zilpa alisema.

"Marahaba, binti Mkumbo. Baba yako namjua. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye wazimu. Keti hapo, sogeza hilo gunia."

Alikohoa, akameza kikohozi kama mtu anayemeza jibu, akaenda kuleta uji mwenyewe. Walikunywa. Waliongea habari za mvua na mashine. Zilpa hakuharakisha. Mwishowe ni mzee aliyeweka kikombe chini.

"Mmekuja kumchukua," alisema.

"Nimekuja kuzungumza, baba. Ila sitakuficha, ninao ufunguo. Ningeweza kumzima jana nikiwa mezani kwangu, usijue kilichotokea."

"Kwa nini hukufanya?"

"Tuliahidi kwamba mtaanua wenyewe."

Mzee alisimama, akawaongoza chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko vitanda vya wanaume wengi wanaoishi peke yao. Mjusi alikuwa juu ya mto, chini ya kanga ya rangi ya chungwa. Mzee alimgonga mara mbili kwa ukucha.

Zilpa alikuwa ameketi na watu wengi waliofiwa, na alikuwa amesoma mamilioni ya pumzi katika mistari. Hakuwahi kusikia hata moja ikipigwa hivi, chumbani, mchana. Ilipanda polepole, ikakaa juu kidogo kama mtu anayefikiri, ikashuka. Mwishoni kabisa kulikuwa na mluzi mwembamba, mwembamba kama uzi.

"Umeusikia?" mzee aliuliza. "Huo mluzi. Huo ndio ninaoupenda. Siku nyingine naungoja, kama mtu anavyongoja kiitikio."

Kiula alitazama nje dirishani. Zilpa alikaa kitandani, pembeni kabisa. Aliusikia mluzi mara nne, tano. Alikuwa na miaka thelathini na minne ya kujua mluzi ule unatoka wapi. Wiki ambayo mjusi aliihesabu kuwa wiki ya mwisho njema haikuwa njema. Ugonjwa ulikuwa tayari ndani yake, na mzee alikuwa ameufanya wimbo.

Angeweza kunyamaza. Hakuna kipengele cha kazi kilichomtaka aseme.

"Huo mluzi, baba," aliuliza kwa sauti ya chini, "ulianza lini?"

Mzee alifungua mdomo kujibu upesi, akaufunga. "Hakuwa nao ujanani," alisema. "Ujanani alilala kama jiwe. Ulianza... subiri. Ulianza mwaka ule tuliojaza sebule. Kabla ya hapo magunia yalikaa bandani, fisi wakayachana, nikayaingiza ndani. Ndiyo. Alikuwa analalamika harufu, mimi nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya shibe."

"Ulikuwepo wakati wote, au ulikuwa unakwenda na kurudi?"

"Ulikuwepo. Asubuhi ulizidi, mchana akiwa shambani unapungua." Alikunja uso. "Mara moja uliondoka kabisa. Alikwenda Kiomboi kwa dada yake, wiki nzima. Aliporudi usiku wa kwanza nilidhani nimeletewa mke mwingine. Kimya. Nikamtania. Usiku wa pili ukarudi."

Alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya chumba. Zilpa hakutazama sebuleni. Ni mzee mwenyewe aliyegeuza shingo polepole, akayatazama magunia yake kupitia mlango, moja juu ya jingine, yale ya chini yakiwa na unga wa kijivu kwenye mishono.

Pumzi iliendelea kupanda na kushuka kwenye mto.

"Ni hayo?" aliuliza.

"Sijui bado, baba. Nadhani. Mashudu yakiota kuvu, vumbi lake huingia kifuani likakaa. Kuna wazee wengine wanane hapa Nkungilo ambao sikuwahi kuuliza habari zao, kwa sababu nyumba zao zinasema wako hai."

Mzee alianza kuwataja, mmoja mmoja, akikunja vidole. Alikuwa amewazika wote. Alipofika wa sita akaacha. "Kila nyumba kati ya hizo ina magunia," alisema.

"Na wewe pia tumekukosa. Mjusi akiwa hapo kwenye mto anamsikia mama tu. Kifua chako hatujakisikia tangu afariki."

"Mimi nina nini cha kusikilizwa?"

"Ndicho nisichokijua."

Mzee aliketi upande wa pili wa kitanda, mjusi katikati yao. Mikono yake mikubwa ya fundi ilikaa magotini.

"Basi fanya hivi, binti. Wewe ni mkubwa. Andika huko kwenu kwamba amekufa, andika na hayo ya magunia, mimi nitatia sahihi. Halafu niachie sauti. Sauti inamdhuru nani?"

Zilpa alikuwa ameliwaza swali hilo tangu jana, kwa sababu ndilo ambalo yeye mwenyewe angeliuliza. "Nikiliondoa sikio, nitakuachia sauti, na ni haki yako," alisema. "Lakini hapo utakuwa na nyumba isiyo na sikio. Likibaki sikio pamoja na sauti, litamsikia yeye. Haliwezi kuchagua, baba. Mafundi wameshindwa, nimewauliza leo alfajiri. Chagua wewe, na utakachochagua nitakiheshimu. Nitakuomba tu utoe magunia nje kwanza."

"Nikisema vibaki vyote viwili hivi hivi, Ijumaa daftari lako litakuwaje?"

Zilpa aligeuka kumtazama Kiula. Kiula aliangalia paa.

"Litakuwa na uongo mmoja," Zilpa alisema, "nitakaoujua mimi."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na safari hii hakikumezeka. Kilimshika hadi akainama. Kilipomwachia alibaki hivyo, amekishika kifua, akisikiliza. Na kwa sababu chumba kilikuwa kidogo wote watatu walisikia: katika pumzi yake, mwishoni, uzi mwembamba, ukiingiliana na ule wa kwenye mto.

Mzee aliivuta tena pumzi, makusudi, akaishusha.

"Eliwaza alikuwa mtu wa kuuliza," alisema. "Ungekuja ukakuta ni mimi niliyekufa, angekuwa ameshakueleza yote kabla hujanywa uji." Alimfunua mjusi kanga, akamchukua kiganjani. "Una maswali mangapi?"

"Sabini na mawili."

"Kiula, lete hicho kiti. Tuanze na nini?"

Yalichukua saa mbili. Alijibu kila swali, hata yale ambayo watu huyaruka, na mara mbili alimrudisha Zilpa nyuma kusahihisha tarehe. Pumzi aliiacha ipige muda wote. Lilipokwisha la sabini na mbili alimwambia marehemu mkewe, "Haya, mama Yonaeli," kama mtu anayemwambia mwenzake waondoke harusini, akaweka kidole gumba kwenye tumbo la mjusi na kukandamiza.

Kiula alipanda juu ya stuli akamrudisha mjusi kwenye boriti. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake, walianza kutoa magunia.

4

Alhamisi alfajiri nyumba 2206 ilisema: *amelala mmoja, kifua kina mluzi, dalili za mapema.* Hapakuwa na nukta. Muuguzi aliondoka kituoni kabla ya saa moja. Kiula alikuwa ameshaondoka kwenda zile nyumba nane nyingine, na aliacha ujumbe kwa Shango kwamba asipigiwe simu mpaka atakapopiga yeye, maana kazi ya leo si ya kufanywa huku mfuko unalia.

Shango alikuwa amelisoma dodoso la mzee Msengi mara tatu. Alilileta mezani kwa Zilpa na kulisimamia.

"Mimi ningebonyeza, mama," alisema. "Ningepata tarehe ya kifo. Nisingepata Kiomboi."

"Ungepata wauguzi mapema siku moja. Hilo nalo si dogo. Sijui bado kama nilifanya sawa, Shango. Nenda kaandike hilo la Kiomboi vizuri, liwe swali la sabini na tatu: *je, alipolala mahali pengine, alipata nafuu?*"

Kufikia Ijumaa saa nane mchana, nyumba saba kati ya tisa za Nkungilo zilikuwa zimeanua, na katika zote saba mashudu yalikuwa ndani. Nyumba mbili zilisema bado. Zile ishirini na mbili za vijiji vingine zilikuwa zingali zinangoja wahoji wao. Zilpa alizifungia daftari kama zilivyo, akaandika chini ya ukurasa wa Nkungilo, kwa jina lake na sahihi yake, kwamba idadi ya kijiji hiki ina upungufu wa vifo viwili ambavyo wenyewe hawajawa tayari kuvitaja, na kwamba mkuu wa kituo anajua. Wakubwa wa mjini wangeuliza. Angewajibu. Chini yake akaandika sheria mpya ya Matanga, mistari minne, na wa mwisho ulisema kwamba siku ya arobaini na moja mhoji asiende peke yake.

Alikuwa amebakiwa na dodoso la Eliwaza Gunda tu, halijafungwa, simu ilipolia.

"Binti Mkumbo," mzee Msengi alisema. Sauti ilikuwa imechoka lakini haikuwa ya huzuni. Nyuma yake kulisikika vijana wakigombana kuhusu magunia. "Huyu muuguzi wako ana mikono ya baridi. Amenipa dawa ya kuvuta. Anasema nimewahi."

"Nashukuru kusikia, baba. Umelala?"

"Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Kimya kilikuwa kikubwa, kikajaa nyumba kuliko magunia. Jana nimelala. Sasa sikiliza. Nilikuwa nimelala vizuri kabisa, mara nikaamshwa na kelele. Nikakaa kitako. Nikasema kuna mnyama ndani, kuna nguruwe, nikatafuta panga. Kimya. Nikalala, kelele ikarudi, nikaamka tena. Ni mimi."

"Baba?"

"Nakoroma, binti. Marehemu aliniambia mwaka tuliooana. Nikambishia. Nimembishia miaka arobaini na moja, mbele ya watoto, mbele ya mchungaji, nikimwambia anaota. Na tangu aondoke nilikuwa nalala nimemsikiliza yeye, sikuwahi kujisikia." Kikohozi kidogo, au kicheko. "Hilo dodoso lako umeshalifunga?"

"Bado."

"Basi liandike na hilo. Marehemu alikuwa akisema kweli."

Zilpa alilitazama dodoso. Maswali sabini na mawili, na sasa sabini na tatu, na hakuna hata moja lililouliza jambo kama hilo. Lakini chini kabisa kulikuwa na kisanduku ambacho wahoji walikuwa wakikiruka tangu enzi za baiskeli, kwa sababu hakuna aliyewahi kujua kiliwekwa cha nini: *maelezo mengine ya familia.*

"Nakuandikia, baba," alisema. "Rudia polepole."

Mzee akarudia, na yeye akaandika neno kwa neno, akamsomea, mzee akasema ndiyo, ni hivyo hivyo, na Zilpa akalifunga dodoso.